Nyuma Tu ya Benki: Pale Kiingereza Chako Kinapokwama

Dereva mmoja wa tuktuk anayekuja kwenye darasa langu la jioni alipigiwa simu na mgeni aliyetaka kujua amfuate wapi. Akamjibu bila kusita: "I am behind just the bank." Mgeni akanyamaza kidogo, kisha akauliza: benki peke yake, au na jengo jingine? Dereva akarudia jibu lilelile kwa sauti ya juu zaidi. Walikuja kuonana baada ya dakika ishirini, wote wawili wameloa jasho, na yule kijana akaingia darasani akiwa na hakika kwamba matamshi yake ndiyo yaliyomwangusha.

Matamshi yake hayakuwa na kasoro. Neno "just" ndilo lililokaa pasipo pake. "Just behind the bank" ni nyuma tu ya benki, hatua chache kutoka ukuta wake. "Behind just the bank" ni nyuma ya benki peke yake, si ya kitu kingine. Maneno ni yaleyale manne, maana ni mbili.

Nawafundisha watu wazima hapa Mombasa: wapokezi wa hoteli za Nyali na Bamburi, makarani wa mawakala wa forodha kule Kilindini, wauza leso wa Biashara Street, akina mama wanaotaka kuzungumza na daktari bila mkalimani. Msamiati wanao. Wanapokwama ni kwenye viungo vidogo, pale kielezi (kama "just") kinapokutana na kihusishi (kama "behind"). Na nimeona kwamba karibu kila kosa lina mzazi wake ndani ya Kiswahili chetu, tena Kiswahili safi kabisa. Kwa hiyo hapa chini naanza na dalili, kisha natafuta sentensi ya Kiswahili iliyojificha chini yake. Neno moja tu tukubaliane kwanza: kihusishi pamoja na kile kinachokifuata nakiita kirai. "Behind the bank" ni kirai, "at night" ni kirai, "in Likoni" ni kirai.

Umeeleza vizuri, lakini msikilizaji anauliza tena

Tazama jinsi tunavyosema: nyuma tu ya benki, baada tu ya magharibi, mbele kabisa ya basi, mbali sana na stesheni. Kihusishi chetu kina vipande viwili, na kati ya vipande hivyo pana nafasi ya neno la kukazia. Kiingereza hakina nafasi hiyo. Kirai chake kimeshikana, na kielezi hubaki mlangoni, mbele ya kihusishi: "just behind the bank", "right after sunset", "right at the front of the bus", "very far from the station". Ukikiingiza ndani, kitamshika jirani aliye upande wa kulia na maana itahama, kama ilivyomhamia yule dereva.

Basi tiba ya kwanza ni hii: kabla hujasema, kitoe kile kijineno cha katikati, kipeleke mwanzo. Wanafunzi wangu huandika sentensi ya Kiswahili, wakakizungushia duara kijineno hicho, wakachora mshale wa kukirudisha kushoto. Baada ya wiki mbili mshale hauhitajiki tena.

Maneno yanayokaa mlangoni hapo si mengi, na inafaa uyajue moja moja. "Right" ni palepale, bila nafasi kati. "Right behind you" maana yake ukigeuka utamgusa. "Just behind you" ni karibu, lakini pana upenyo. "Right" ina kazi ya pili pia, ya kusema mpaka mwisho, pande zote: "the road goes right through the town", barabara inaukata mji kutoka huku hadi huku. "Straight" ni bila kupinda wala kusimama njiani: "take me straight to the airport". "Directly" hupenda kukaa na "opposite", yaani mkabala hasa: "directly opposite the post office". Waingereza husema "straight after work" na Wamarekani huelekea zaidi kwenye "right after work". Hapa kwetu utayasikia yote mawili, na hakuna atakayekushangaa.

"Just" linastahili tahadhari, kwa sababu lina nyuso mbili. "I'm just outside the gate": niko nje kidogo tu ya lango. "I'm just in the kitchen": niko jikoni tu, sijaenda popote. Neno letu "tu" nalo lina nyuso hizohizo mbili, ila sisi huzitenganisha kwa mahali pa kuliweka: "nje tu ya lango" na "niko jikoni tu". Kiingereza huliweka "just" mahali pamoja na kumwachia msikilizaji akitazame kihusishi. Kikiwa ni cha umbali unaoweza kupimwa, kama "outside", "behind", "before", "after", "above", "below", atalielewa kuwa ni kidogo. Kikiwa ni "in" au "at", mara nyingi ataelewa kuwa ni "tu".

Vipimo havikuletei shida yoyote. "Mita kumi kutoka langoni" ni "ten metres from the gate", "dakika tano kabla ya swala" ni "five minutes before prayers". Mpangilio ni mmoja, endelea na njia yako.

Umesema "very behind the house" na mtu akacheka

Chanzo ni neno "sana", ambalo kwetu halichagui rafiki. Tunasema nzuri sana, mbali sana, nyuma sana, pembeni sana. "Very" huchagua. Hukaa na kitu chenye viwango, yaani chenye kuweza kuzidi na kupungua. Kwa hiyo "very near the mosque", "very close to the school" na "very far from town" ni sawa, maana ukaribu na umbali huzidi na kupungua. Lakini "behind", "in", "under" na "at" kwa Mwingereza hazina daraja: uko nyuma ya nyumba au hauko.

Ukitaka kusema nyuma sana, jiulize unakusudia nini hasa. Kama ni mbali huko nyuma, sema "far behind the house" au "a long way behind the house". Kama ni palepale ukutani, "right behind the house". Kama ni pembeni kabisa, mwisho wa chumba, "right in the corner". Kiswahili kinakuruhusu uyaache haya yote ndani ya neno moja. Kiingereza kinakudai uchague.

Fundi cherehani mmoja wa kike aliniuliza afanyeje mteja anapotaka mkono wa gauni upunguzwe, au kitufe kisogezwe kushoto. "Very left" haimsaidii. Hapo ni "a bit to the left", "further to the left", "too far to the left", "a little below the knee". Alizikariri hizi nne tu, akarudi kazini, na kwa kazi yake zilimtosha.

Kuna watakaokuambia wamesikia "very much in love" au "very much against it". Wamesikia kweli. "Much" hapo ndiyo daraja: "very" inaishika "much", na "much" ndiyo inayoshika kirai.

Sentensi ni sahihi, lakini hakuna azungumzaye hivyo

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu anayeugua hana kosa. Anasema "My brother is in Likoni" na kila neno liko mahali pake, lakini mwenyewe anahisi kuna kitu kimepunguka. Anahisi hivyo kwa kuwa mtu wa Mombasa hasemi "ndugu yangu yuko Likoni" akaishia hapo. Husema yuko kule Likoni, yuko huko Likoni, yuko ng'ambo. Lugha yetu ina milango mitatu ya mahali, wa pa-, wa ku- na wa m-, na kila mlango una karibu yake, mbali yake na ile ya mahali palipokwisha kutajwa: hapa, hapo, pale, huku, huko, kule, humu, humo, mle. Maneno tisa. Kiingereza kina "here" na "there".

Mwanafunzi anapoikosa "kule" huishika "there": "He is there in Likoni." Si dhambi, lakini inasikika kama mtu anayenyosha kidole. Kiingereza cha kila siku kinaifanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Kinatanguliza kijielezi cha mwelekeo mbele ya kirai: "over", "up", "down", "out", "back", "round". Vijielezi hivi havipimi karibu na mbali kama vyetu. Vinatazama njia iliyopo kati ya msemaji na mahali penyewe, na umbo la ardhi.

Kama kuna kitu cha kuvuka kati yenu, maji au barabara au mtaa, ni "over". "My brother lives over in Likoni": kivuko kiko katikati. "Over at the bank": upande wa pili wa barabara. Neno letu ng'ambo linaingia humo lote, "over on the other side". Na "kwa mama", tunayoisema mara elfu kwa siku, ni "over at my mother's", pamoja na ile s ya mwisho inayosimama badala ya nyumba. Ukiiacha utakuwa umesema jambo jingine.

Kupanda ni "up", kushuka ni "down". "She's up in Nairobi" huja yenyewe kwa mtu wa pwani, na Nairobi kweli iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kiingereza cha Kenya kina neno zima kwa kile tunachokiita bara: "upcountry". Wao nao wa bara husema Desemba wanakuja "down to Mombasa". Kuelekea majini ni "down" karibu kila mara: "down at the port", "down by the water", "down on the beach". Lakini usidhani ni milima peke yake. Uingereza watu wengi husema "up to London" ingawa London iko bondeni, kwa kuwa ndiyo mji mkuu, na reli zao huita treni inayoelekea London "up train". Kwa hiyo "up" mara inafuata kimo, mara kaskazini ya ramani, mara heshima ya mji.

"Out" ni kutoka kwenye kusanyiko la nyumba kwenda kwenye uwazi: "out at sea", "out in the sun", "out in Miritini" kwa mtu aliye kisiwani. Wavuvi ninaozungumza nao huipokea hii upesi kuliko wengine, maana wao wanajua vizuri tofauti ya kuwa bandarini na kuwa nje.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kuangusha kihusishi: "She is over Likoni." Sasa yuko angani juu ya Likoni, kama ndege. "He is up Nairobi" nayo inachechemea. Ni kweli kwamba baadhi ya Waingereza husema "down the pub" bila "at", lakini hayo ni mazungumzo yao ya mtaani, usiyajengee nyumba. Kosa la pili ni kukiweka kijielezi mwisho, "in Likoni over", kwa desturi ileile ya "Likoni kule". Kipeleke mbele.

Nasimama kidogo kwenye jina Kilindini, kwa sababu linaonyesha tofauti ya lugha hizi mbili kuliko kanuni yoyote. Kilindi ni maji ya kina kirefu. Tia -ni, na umepata mahali, kina na ujirani kwa neno moja. Kiingereza lazima kivunje: "in deep water", "deep in the water". Na hiyo "deep" ya mwisho ni kielezi kilichosimama mlangoni mwa kirai, kama wenzake: "deep in the forest", "deep under the sea", "deep into the night".

Umesema "I am back to the office", na bosi anadhani bado uko njiani

Kosa hili chanzo chake ni -ni hiyohiyo. Nakwenda ofisini, niko ofisini, natoka ofisini: kitenzi ndicho kinachoonyesha mwendo, ofisi haibadiliki. Kiingereza hubadilisha kihusishi. "Back to the office" ni safari. "Back at the office" ni kukaa, nimeshafika. "Back from the office" ni kutoka. Ukiwa umekaa kwenye kiti chako tayari, sema "I'm back at the office".

Halafu kuna "return back", ambayo imeenea kwenye barua za ofisi zetu mpaka watu wanaiona ya kawaida. Imezaliwa na "rudi nyuma". "Return" imeshabeba "back" tumboni mwake. Andika "return to the office" au "go back to the office", moja kati ya mbili. Na gari haliko "back the house". Liko "behind the house" au "at the back of the house". "Back" peke yake si kihusishi.

Kwa wakati uliopita "back" hutangulia mwaka na kuonyesha kwamba tumekuja mbali tangu hapo: "back in 2017, when the new train started", "back in 1593, when the Portuguese began building Fort Jesus". Haikubali wakati ujao. "Back in 2040" haipo.

"To home", "in abroad", "come to here"

Haraka haraka hapa. "Home", "here", "there", "abroad", "upstairs" na "downtown" zimeshameza kihusishi chao. "Go home", "come here", "she went abroad", "he works abroad". Zitakubali kihusishi cha kutokea, "from home", "from abroad", na "home" inakubali "at". "In here" na "in there" zipo pia, lakini humo "in" imetangulia kama kijielezi: ni humu na mle zetu. "To town" inabaki na "to" yake. Mji haukumeza kitu.

Saa zimekuvuruga

Mwezi wa Ramadhani ni shule nzuri ya somo hili, maana mji wote unaishi kwa kabla na baada. Twafuturu "right after the call to prayer", papo hapo. Tarawehe huanza "shortly after isha". Mitaa ya Mji wa Kale iko macho "long after midnight", watoto wanacheza "late into the night", na daku lazima iliwe "well before dawn". Ukizipanga kwa umbali kutoka kwenye tukio, utapata ngazi: "right after" na "immediately after" zimegusana na tukio, "just after" ina upenyo, "shortly after" na "soon after" ni muda mfupi, "well after" ni kitambo cha kutosha, "long after" ni muda mrefu.

"Well" ndiyo inayowatesa watu. Wanaijua kama "vizuri", basi wakisoma "well after midnight" wanaona "vizuri baada ya saa sita usiku" na wanakata tamaa. Mbele ya kirai "well" haihusiani na uzuri. Ni nafasi kubwa ya kutosha, isiyo na shaka: saa sita imeshapita kitambo. Inahitaji kihusishi kinachopimika, "before", "after", "above", "below", "over", "past", "within". "Well at midnight" haiwezekani, kwa kuwa saa sita ni nukta moja. "Way past midnight" ina maana hiyohiyo kwa marafiki. Kwenye barua ya kuomba kazi iache.

Sasa "late" na "early". Usiku unachukua "at", vingine vinachukua "in": "late at night", "late in the evening", "early in the morning". Ukitaja siku, siku inachukua "on": "late on Friday night", "early on Monday morning". Na ukitia "last", "this", "next" au "every", kihusishi kinatoweka kabisa: "late last night", "early this morning". "Late in last night" imetokana na "usiku wa jana", ile "wa" inadai kitu cha kuiwakilisha. Usiipe.

Nimeona pia kosa lisilo la sarufi lakini linalomfanya mtu akose ndege. Saa kumi alfajiri ni "four in the morning". Mtu akisema "early, at ten", dereva atakuja saa nne asubuhi, na ndege imeshakwenda. Geuza saa kwanza, kielezi baadaye.

"I know very well Mombasa"

Kiswahili kinaturuhusu kusema "naijua vizuri Mombasa" au "naijua Mombasa vizuri", maana ile -i- ndani ya kitenzi imeishika Mombasa, haiwezi kupotea. Kiingereza hakina kishikio hicho. Kitenzi na kile kinachotendwa hukaa bega kwa bega, na kielezi hakipiti kati yao: "I know Mombasa very well", "she speaks English well", "he opened the gate slowly".

Lakini kikiwepo kihusishi, njia inafunguka. "He waited patiently for the ferry." "She spoke softly to the child." "Look carefully at this form." Kihusishi ni kama ua: kielezi kinaweza kuegemea upande wa nje bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo ukiona kuna "for", "to" au "at" baada ya kitenzi, una uhuru. Usipoiona, peleka kielezi mwisho.

Mtego uliobaki ni vile vitenzi vilivyoungana na kijineno, kama "look up" ya kutafuta neno kwenye kamusi. "Look carefully up the road before you cross" ni sawa. "Look carefully up the word" haikubaliki. Kwa macho zinafanana. Hapa ndipo ninapotumia kipimo cha "right", ambacho nakitegemea kuliko kanuni zote za vitabuni: jaribu kutia "right" mbele ya kijineno. "Look right up the road", inapita; basi "up" ni kihusishi na "up the road" ni kirai. "Look right up the word", imekwama. Basi "up" ni mali ya kitenzi. Kipimo cha pili ni kuweka "it": neno unali-"look it up", barabara huwezi.

Tangazo dukani: "Open on only Fridays"

Ni "Ijumaa tu" iliyogeuzwa vibaya. "Only on Fridays". Na "kwa sababu hasa ya mvua" si "because mainly of the rain", ni "mainly because of the rain", pamoja na "partly because of" na "only because of". Jamii hii ya vielezi, inayochagua na kutenga, huweza kukaa mbele ya kirai chochote, hata kile ambacho "right" hakikiwezi; "right because of the rain" haisemwi. "Hata" na "hasa" hazikusumbui, maana sisi wenyewe tunazitanguliza: hata katika Ramadhani, "even in Ramadan", hasa Kongowea, "especially in Kongowea".

Wanaozaliwa na Kiingereza wenyewe huivuta "only" hadi mbele ya kitenzi, "we only deliver on Mondays", na sauti yao inaibana "Mondays" ili ueleweke. Karatasi haina sauti. Kwenye tangazo na mkataba andika "we deliver only on Mondays".

"Into" na "in to"

Ikiwa ni kuingia au kugeuka, neno ni moja: "she walked into the shop", "the milk turned into yoghurt". Ikiwa "in" ni ya kitenzi na "to" inaanza kirai chake, yatenganishe: "log in to your account", "hand the form in to the clerk". Mpokezi mmoja aliandika kwenye daftari la hoteli kwamba mlinzi "turned the lost phone into the police station". Kwa maandishi hayo mlinzi ameigeuza simu ikawa kituo cha polisi. "In to the police station", na simu inabaki simu. "On to" vilevile: "we went on to Malindi", tukaendelea hadi Malindi.

Vielezi viwili vitatu vimekutana, hujui kipi kitangulie

Hili huja baada ya kupona mengine yote, na ni dalili ya afya. Foleni yao ina utaratibu. Kwanza wa kukazia, "right" au "straight". Kisha "back". Kisha mwelekeo, "up", "down", "over", "out". Kisha "here" au "there". Mwisho kirai chenyewe. "Put it right back up there on the top shelf": irudishe palepale kule juu, kwenye rafu ya mwisho. "I'm going straight back over to Likoni." Si lazima zote ziwepo, lakini zikiwepo hazirukani.

Yule dereva wa tuktuk ameizoea foleni hii. Wiki iliyopita alinionyesha ujumbe aliomtumia mgeni mwingine kutoka Mama Ngina Drive jioni, wakati watu wamejaa kwenye mihogo na madafu: "I'm right down there by the water, just past the last coconut seller." Tukauchambua pamoja. "Right" inakaza, "down" inashuka kuelekea majini, "there" inaonyesha, "by the water" ni kirai, na "just" imekaa mbele ya "past", nje ya mlango. Aliniuliza swali moja tu: je, "just past" ni kumpita muuzaji kidogo, au ni kumpita yeye peke yake? Tukakitazama kihusishi. "Past" inapimika. Ni kidogo.